Helmeti, Shingo na Ubongo: Mjadala wa Karavia

Sheria inayomkataza mchezaji kutumia helmeti yake kumgonga mwenzake ni miongoni mwa sheria za michezo zilizochelewa sana kupatikana na ambazo bado zinazozaniwa kila msimu, ingawa kwa mtu anayeitazama kwa mbali huonekana kuwa jambo lisilohitaji hata kujadiliwa. Mchezo unaohusika ni mpira wa Kimarekani, ambao timu mbili zenye wachezaji 11 kila moja hugombea eneo la uwanja kwa kuubeba mpira wenye umbo la yai na kumwangusha chini yule aliyeubeba, huku kila mchezaji akiwa amevaa helmeti ya plastiki ngumu yenye nondo nyembamba za kukinga uso. Ligi yake kuu ya kulipwa, NFL, imewahi kuwa na mchezaji mzaliwa wa Kinshasa, Tshimanga Biakabutuka, aliyechaguliwa na timu ya Carolina Panthers mwaka 1996, na pia Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga na kusajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013. Kwa hiyo miili inayozungumziwa katika mjadala huu si ya watu wa mbali peke yao.

Mjadala wenyewe umewekwa Karavia, mtaa wa Lubumbashi unaojulikana kwa hoteli yake kubwa iliyo kando ya ziwa, karibu na uwanja wa gofu. Mpira wa Kimarekani haumo katika mazoea ya jiji hilo. Hata hivyo, Lubumbashi ni jiji la migodi, ambako helmeti ni vazi la kazi tangu enzi za kampuni ya Union Minière hadi Gécamines. Ni jiji la soka, lenye TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo, klabu mbili zilizoanzishwa mwaka 1939. Na ni jiji alikozaliwa mwaka 1956 Sumbu Kalambay, bondia aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa kati. Sauti tatu zinazosikika hapa, za Kocha, Daktari na Mzee aliyestaafu kazi ya mgodi, si za watu mahususi, bali zimeundwa ili kila hoja ipate msemaji anayeiamini.

KOCHA: Sheria iliyopitishwa na NFL mwaka 2018 ilisema kwamba ni kosa mchezaji yeyote kuinamisha kichwa na kuanzisha mgusano na mpinzani kwa helmeti yake, iwe amegonga bega, kifua au mguu, na kosa hilo huigharimu timu yadi 15, yaani karibu mita 14, na huweza hata kumtoa mkosaji nje ya mchezo. Katika karatasi maneno hayo ni mepesi. Uwanjani, watu wawili wenye uzito wa kilo 100 na zaidi wanakimbiliana. Mbeba mpira huinama katika sehemu ya mwisho ya sekunde ili ajikinge, na mkabaji aliyekuwa amelenga kifua hujikuta amegonga helmeti. Ni nani kati yao aliyeanzisha? Mwezi wa Agosti 2018, katika mechi za maandalizi, waamuzi walirusha vibendera vya njano vya kuashiria kosa kwa wingi mno hadi ligi ikalazimika kutoa ufafanuzi kwamba mgusano uliotokea kwa bahati tu si kosa, na baada ya hapo vibendera hivyo vikaadimika. Sheria ambayo mwezi mmoja inaadhibu kila mtu na mwezi unaofuata karibu haimwadhibu yeyote haimfundishi mchezaji lolote isipokuwa kumwogopa mwamuzi.

DAKTARI: Ndugu Kocha, ukianza na mwaka 2018 umeanzia mwisho wa hadithi. Wachezaji wa zamani walivaa kofia za ngozi, na wengine hawakuvaa chochote. Kampuni ya Riddell ilileta helmeti ya plastiki mwaka 1939, na mwaka 1943 NFL ikamlazimisha kila mchezaji avae helmeti. Gamba hilo gumu lilifanya kazi yake, kwa kuwa lilizuia mafuvu kupasuka. Lakini mtu ambaye uso wake haumwi tena na kichwa chake hakipasuki huanza kukitanguliza, na kadiri miaka ilivyopita makocha wengi wakafundisha kwamba mkabaji hodari ni yule anayemwingia mpinzani kwa kichwa. Hapo ndipo shingo zilipoanza kuvunjika. Shingo iliyosimama kawaida ina mpindo mdogo unaoiwezesha kunepa na kumeza pigo. Kichwa kikiinamishwa kwa nyuzi 30 hivi, mpindo huo hunyooka, mifupa ya shingo ikawa kama nguzo moja, na nguvu yote ya mgongano ikapita moja kwa moja kutoka utosini hadi kwenye uti wa mgongo. Mifupa ikishindwa kuhimili, neva zilizo ndani yake hukatika au hubanwa, na mtu hupooza mikono na miguu kwa maisha yake yote.

Daktari wa mifupa wa Philadelphia, Joseph Torg, ambaye tangu mwaka 1975 alikuwa akikusanya kumbukumbu za majeraha ya namna hiyo nchini Marekani, alionyesha kwamba chanzo kilikuwa ni namna ya kukaba, wala si bahati mbaya. Mwaka 1976 vyuo na shule za sekondari za huko zikapiga marufuku kumgonga mpinzani kwa utosi wa helmeti. Katika msimu wa 1976 vijana 34 walipooza. Katika msimu wa 1984 walikuwa 5. Helmeti ngumu ziliendelea kuvaliwa na mchezo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika zaidi ni sheria, na pamoja nayo yale ambayo makocha walithubutu kuyafundisha.

MZEE: Mama Daktari amegusa jambo ambalo mtu wa mgodini hulielewa bila kufafanuliwa. Helmeti ya mgodini huvaliwa kwa ajili ya jiwe litakalodondoka bila kutarajiwa, na hakuna msimamizi aliyewahi kumwambia kijana kwamba, kwa kuwa sasa amevaa helmeti, akaupige mwamba kwa kichwa. Angesema hivyo angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Basi kinachoshangaza katika mchezo huo ni kwamba walioifanya kinga kuwa nyundo walipandishwa vyeo.

Ni vyema kusimama kidogo katika takwimu za Torg, kwa sababu mara nyingi wanaopinga sheria za mgusano huzipita haraka. Hoja kwamba mchezo wa kasi hautawaliki kwa maandishi ina nguvu pale tu ambapo hakuna mfano wa kuupinga, na mfano upo: tabia iliyofundishwa kwa miaka mingi ilipungua ndani ya misimu michache, si kwa sababu kila kosa liliadhibiwa, kwani mengi hayakuadhibiwa, bali kwa sababu kocha aliyefundisha kosa hilo alijua sasa kwamba anafundisha kosa. Waamuzi wa mwaka 1976 hawakuona vizuri kuliko waamuzi wa mwaka 2018.

KOCHA: Takwimu hizo hazibishaniwi, ila zinahusu shingo. Kuvunjika kwa shingo ni tukio moja, huonekana na watu wote, na lina chanzo kimoja, ndiyo maana sheria moja ililipunguza. Ubongo una habari nyingine. Wataalamu wenyewe wanasema kwamba madhara yake hutokana na mapigo mengi madogo, ambayo mengine hayamtoi mchezaji hata dakika moja uwanjani. Wale wa mstari wa mbele, ambao kazi yao ni kusukumana kifua kwa kifua, hugongana helmeti karibu katika kila mchezo unaoanzishwa, na hakuna kibendera kinachorushwa. Ikiwa hayo ndiyo yanayoharibu ubongo, basi sheria ya kuinamisha kichwa inaadhibu lile pigo linaloonekana vibaya kwenye televisheni na kuyaacha maelfu yasiyoonekana. Aliye mkweli aseme mchezo wote upigwe marufuku, au auache uchezwe.

DAKTARI: Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote, na inastahili jibu lisilo la haraka. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na nusu hivi, na umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na majimaji. Kichwa kinapopigwa na kuzungushwa ghafla, fuvu husimama wakati ubongo ungali unakwenda, na nyuzi nyembamba zinazounganisha chembe zake huvutwa na kusokotwa. Hilo huitwa mtikisiko wa ubongo, nalo laweza kutokea bila mtu kuzimia na bila tone la damu. Helmeti hulinda mfupa. Haiwezi kuukamata ubongo ulio ndani usisogee. Mapigo yakirudiwa kwa miaka, katika ubongo wa baadhi ya watu hujikusanya protini iitwayo tau, na chembe zilizo jirani nayo hufa polepole, hata mtu akapoteza kumbukumbu, akawa mkali bila sababu, akashindwa kujitawala. Ugonjwa huo huitwa ensefalopathi sugu ya majeraha, na hadi leo huthibitishwa kwa kuupima ubongo baada ya kifo.

Aliyeugundua kwa mara ya kwanza katika mchezaji wa mpira wa Kimarekani ni Mwafrika, Bennet Omalu, daktari wa Nigeria aliyekuwa akichunguza maiti mjini Pittsburgh, baada ya kifo cha mchezaji huyo, Mike Webster, mwaka 2002. Andiko lake lilipotoka mwaka 2005, madaktari wa kamati ya NFL ya mitikisiko ya ubongo waliandika wakitaka lifutwe. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya kupima bongo 111 za waliowahi kucheza NFL, na 110 zilikuwa na ugonjwa huo. Haki inadai kuongeza kwamba bongo hizo zilitolewa na familia ambazo nyingi tayari zilikuwa na wasiwasi, kwa hiyo haifai kusema kwamba wachezaji wote wako hivyo. Lakini idadi hiyo haipuuziki.

Sasa, Ndugu Kocha anasema kwamba sheria ya uwanjani haiwezi kuyafikia mapigo madogo. Kweli, ila uwanja wa mechi si mahali pekee panapotungwa sheria. Mapigo mengi hupatikana mazoezini, na makubaliano ya NFL na chama cha wachezaji ya mwaka 2011 yaliweka kikomo cha siku 14 za mazoezi ya kugongana kwa vifaa kamili katika msimu mzima wa kawaida. Tangu mwaka 2022 baadhi ya wachezaji, wakiwemo hao wa mstari wa mbele, wamelazimika kuvaa gamba laini juu ya helmeti katika mazoezi ya maandalizi. Mwanzo wa mchezo, ambapo wachezaji walikimbiliana kutoka mbali na kugongana kwa kasi kubwa, ulipangwa upya mwaka 2024 ili wasianzie mbali. Kati ya kupiga marufuku na kuacha kuna kazi ya kupunguza, na ubongo hunufaika kwa kila pigo ambalo halikutokea.

MZEE: Hata ndondi, ambayo lengo lake ni kichwa, imefika huko. Wapenzi wa ndondi wa jiji hili wanamkumbuka Kalambay kwa ufundi wa kukwepa na mkono wake wa kushoto wa mbele. Oktoba 1987 alimshinda Iran Barkley akatwaa taji, na Machi 1988 akampiga Mike McCallum ambaye hakuwa ameshindwa na mtu yeyote. Alikuwa bondia wa kutoguswa. Hata hivyo, Machi 1989 ngumi moja ya Michael Nunn ilimlaza katika raundi ya kwanza. Ikiwa bingwa kama huyo hakuweza kukwepa zote, kijana wa mtaani atakwepa ngapi? Tena kofia laini ya ndondi iliingia katika Olimpiki mwaka 1984 watu wakidhani tatizo limekwisha, na mwaka 2013 chama cha kimataifa kikawavua wanaume kofia hiyo, kikidai kwamba huzuia mipasuko ya ngozi lakini haizuii mtikisiko, na humpa bondia ujasiri wa kupokea ngumi ambazo angezikwepa.

KOCHA: Basi Mzee amesaidia upande wa pili. Kama kofia huongeza ujasiri, wavuliwe helmeti, wacheze kama wachezaji wa raga.

Pendekezo hilo husikika mara kwa mara, na haliwezi kukubaliwa kwa wepesi huo. Raga yenyewe, isiyo na helmeti ngumu, ina wachezaji wa zamani waliogunduliwa kuwa na ugonjwa wa kusahau wakiwa bado na umri mdogo, akiwemo Steve Thompson, aliyeshinda Kombe la Dunia la mwaka 2003 na Uingereza. Lililo na faida katika raga ni namna ya kukaba kwa bega huku kichwa kikiwekwa pembeni mwa mwili wa mpinzani, na mwaka 2014 Pete Carroll, kocha wa Seattle Seahawks, alitoa video ya kuwafundisha wengine ukabaji wa namna hiyo, timu yake ikiwa ndiyo bingwa wa NFL wakati huo. Helmeti inaweza kubaki kichwani bila kichwa kutangulia.

KOCHA: Bado kuna suala la hiari. Watu wazima hulipwa fedha nyingi kwa kazi ya hatari wanayoijua. Mchimbaji wa madini pia anaijua hatari yake, na hakuna anayeufunga mgodi.

DAKTARI: Hiari inahitaji ujuzi, na ujuzi huo ulizuiliwa. Kamati iliyoundwa na NFL mwaka 1994 kuchunguza mitikisiko ya ubongo iliongozwa na daktari wa maumivu ya viungo, ambaye ubongo haukuwa fani yake, na kwa miaka mingi ilikanusha kwamba kuna madhara ya kudumu. Wachezaji wa zamani walipoishtaki ligi, makubaliano ya kwanza ya dola milioni 765 yalitangazwa mwaka 2013. Na hapo, Ndugu Kocha, likafuata jambo ambalo mtu wa Kongo hawezi kulisoma akatulia. Ili kupima nani amepungukiwa na akili kiasi cha kustahili fidia, vilitumika vipimo vilivyodhania kwamba mchezaji mweusi alianza na uwezo mdogo wa akili kuliko mweupe. Matokeo yake ni kwamba watu wawili wenye alama zile zile walitendewa tofauti, na mweusi akaambiwa hajapoteza cha kutosha. Wachezaji wawili wa zamani, Kevin Henry na Najeh Davenport, walifungua kesi mwaka 2020, na Juni 2021 ligi ikaahidi kuuacha utaratibu huo. Mtu aliyefichwa ukweli wakati wa kucheza, kisha akapunjwa kwa rangi yake wakati wa kuumwa, alitoa hiari gani?

MZEE: Mgodini pia, vumbi lilikuwa likiwaingia watu mapafuni siku zote kabla ya mtu yeyote kuwaeleza ni nini. Kuijua hatari ya jiwe si kuijua hatari ya vumbi.

Katika hatua hii mjadala unaigeukia Lubumbashi yenyewe, na ndipo unapokuwa wa lazima, kwa kuwa soka nayo ina vichwa. Jeff Astle, mshambuliaji wa Uingereza aliyesifika kwa magoli ya kichwa, alifariki mwaka 2002, na mchunguzi wa vifo akaamua kwamba kifo chake kilitokana na kazi yake. Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow walionyesha kwamba waliowahi kuwa wachezaji wa kulipwa wa soka huko Scotland walikuwa na uwezekano wa kufa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo karibu mara tatu na nusu kuliko watu wengine. Katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2014, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa kichwani, akaendelea kucheza, kisha akamwuliza mwamuzi kama mechi hiyo ndiyo fainali. Watazamaji wa dunia nzima walikuwa wakimtazama, na bado dakika kadhaa zilipita kabla hajatolewa.

DAKTARI: NFL ilichelewa, lakini katika jambo moja imetangulia soka. Tangu mwaka 2013 kila timu ina pembeni mwa uwanja mtaalamu wa ubongo asiye mwajiriwa wake, na juu jukwaani kuna waangalizi wanaotazama picha ili kumtambua aliyeyumba. Mwaka 2022, baada ya Tua Tagovailoa wa Miami kuruhusiwa kurudi uwanjani ilhali alikuwa ameonekana akipepesuka, na siku nne baadaye kuumia vibaya zaidi, utaratibu ulibadilishwa, na sasa anayepepesuka harudi siku hiyo hata akijisikia mzima. Bodi ya sheria za soka, IFAB, nayo imeruhusu tangu Julai 2024 mashindano kuongeza mabadiliko ya ziada kwa aliyetikiswa ubongo, ili timu isipoteze nafasi ya kubadilisha kwa kumlinda mtu wake.

KOCHA: Mama Daktari, hayo yanawezekana kwenye uwanja wa Mazembe pale Kamalondo. Njoo kwenye viwanja vya vumbi vya mitaa ya Katuba au Kenya hapa jijini siku ya Jumapili, ambako timu nzima ina chupa ya maji na kitambaa. Mtaalamu wa ubongo atatoka wapi?

DAKTARI: Hatatoka popote, na sheria isimngoje. Mwamuzi apewe amri ya kumtoa anayeyumba, na kocha asiwe na mamlaka ya kumrudisha, kwa sababu kocha anataka ushindi na kijana anataka kuonekana, na wote wawili hawafai kuamua. Aliyetolewa harudi siku hiyo. Watoto wadogo wasifanyishwe mazoezi ya kupiga mpira kwa kichwa, kama ilivyoelekezwa Uingereza na Scotland mwaka 2020. Hilo halihitaji hata faranga moja.

KOCHA: La watoto linakubalika leo. La mwamuzi linakubalika pia, ingawa atatukanwa. Lakini yule anayelipwa kwa kila mechi atajificha, atasema hasikii chochote, kwa sababu akikaa nje wiki mbili nafasi yake inakwenda kwa mwingine na nyumbani hakuna unga. Klabu imlipe wiki za kukaa nje sawa na wiki za kucheza, iandikwe kwenye mkataba kabla msimu haujaanza. Hapo mchezaji atamwambia mwamuzi ukweli, na Kocha atakuwa wa kwanza kumwita atoke.